Namna ya Kuuzunguka Mji wa Vilima kwa Ngazi Zake za Nje

Fungua OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, kwenye mji wowote wenye vilima, ivute mpaka majina ya mitaa yasomeke, kisha tafuta vijistari vyekundu vifupi vilivyobanana. Hizo ndizo ngazi. Vidoti hafifu vya rangi hiyohiyo ni njia za miguu. Ngazi huchorwa kwa uzito zaidi. Utashangaa zilivyo nyingi. Pittsburgh, Marekani, ina ngazi za umma zaidi ya 700. Stuttgart, Ujerumani, ina zaidi ya 400. Mgeni wa kawaida anaonyeshwa mbili tatu zenye sifa, anapiga picha, anaondoka.

Mimi ni mwashi. Nimemwaga zege la ngazi kwa miaka, ndiyo maana ninapotembea macho yangu yako chini kuliko mbele. Nitakueleza ninavyozitafuta, ninavyozipanga katika mzunguko wa asubuhi moja, na ninachoangalia nikiwa juu yake. Kwangu ngazi ya nje ni barabara kamili: ina jina, ina watu wanaoipita kila siku, na kuna mtu aliyeigharamia kwa sababu maalumu. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Kuzipata

Ramani haina kila kitu, hasa mitaa ambayo hakuna aliyeichora kwa makini. Kwa hiyo jifunze kukisia. Dalili ya kwanza ni mtaa unaokatika ghafla, halafu unaendelea mbele kidogo kwa jina lilelile. Mara nyingi katikati pana mteremko mkali, na aliyepanga viwanja alichora mtaa ulionyooka kwenye karatasi bila kujali kilima. Magari hayakuweza kupita, ikajengwa ngazi. Angalia namba za nyumba pia: zikiishia 40 huku chini na kuanza tena 60 kule juu, basi zile za katikati huenda ziko pembeni ya ngazi, na wenyewe hawana mlango mwingine wa kutokea.

Dalili ya pili ni mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Washa ramani inayoonyesha miinuko. Barabara ya magari hupita sambamba na kontua au huzikata kwa mshazari, ikipinda na kurudi. Ukiona kinjia kinachozikata moja kwa moja pale zilipobanana, mara nyingi hicho si cha magari. Mtu hawezi kupanda mwinamo wa namna ile kila siku bila vidato.

Dalili ya tatu haipo kwenye ramani. Simama chini ya kilima jioni, watu wanaporudi makwao, uangalie wanakoingilia. Watu waliochoka hawazunguki.

Sasa, ya umma au ya mtu? Hapa usibahatishe. Ya umma huwa na kibao cha mtaa, au taa sawa na za barabarani, au reli ya kushikia iliyofanana na ya ngazi nyingine za mji uleule. Inatoka barabara hadi barabara. Ya mtu inaishia mlangoni, au ina geti, au ina kengele. Ikiwa huoni mwisho wake na hakuna kibao, muulize mtu: “Samahani, hii inatokea juu?” Jibu huwa fupi, na mara nyingi linakuja na nyongeza ambayo hakuna ramani inayo, kwamba upande ule kuna mbwa, au kwamba kidato cha tatu kutoka juu kimelegea. Na ngazi iliyofungwa kwa mnyororo na kibao, usiiruke hata kama wenyeji wanairuka. Wao wanajua ni wapi pameoza.

Kwa nini ipo hapo

Kabla ya kupanda, jiulize mtu wa zamani alikuwa anatoka wapi kwenda wapi. Swali hili linakupa njia nzuri kuliko orodha yoyote ya “ngazi kumi bora”.

Katika Los Angeles, mitaa kama Silver Lake na Echo Park, ngazi nyingi zilijengwa enzi za tramu, hasa miaka ya 1920. Nyumba zilikuwa kilimani, reli ilipita bondeni, na muuza viwanja alihitaji kumhakikishia mteja kwamba atafika kituoni kwa miguu. Tramu ziliondolewa, ngazi zikabaki. Ukizifuata zote kuelekea chini, unagundua zinamiminikia kwenye barabara zilezile chache ambako tramu ilipita. Hapo umeichora reli upya kwa miguu yako.

Pittsburgh ngazi ziliwashusha wafanyakazi kwenda viwanda vya chuma kando ya mito. Stuttgart nyingi zilianza kama njia za wakulima wa mizabibu, ndiyo maana bado zinapita kati ya kuta za mawe zilizojengwa kushikilia matuta ya mashamba. Naples kuna ngazi iitwayo Pedamentina, vidato 414, iliyoanzwa karne ya 14 ili kupandisha vifaa vya kujengea monasteri ya San Martino. Hiyo moja mimi naiheshimu kwa namna ya pekee: ni ngazi ya mafundi. Walijenga kwanza njia ya kupitishia mawe, ndipo wakajenga kwa mawe hayo.

Nyingine ni za mapambo na hazina aibu. Zile za Odesa, Ukraine, zinazoitwa Potemkin, zilijengwa kati ya 1837 na 1841 ili mji uwe na lango la kifahari kutoka baharini. Juu zina upana wa mita 12.5 na chini mita 21.7, hivyo ukiwa chini zinaonekana ndefu kuliko zilivyo. Kisha kuna ujanja wa pili: ukitazama kutoka juu unaona vituo vya kupumzikia tu, yaani zile sehemu za bapa, vidato vyote vimejificha, ukitazama kutoka chini unaona vidato tu, vituo vimepotea. Ngazi yoyote ndefu yenye vituo vipana inafanya hivyo kwa kiasi fulani, kwa hiyo itazame kutoka pande zote mbili kabla ya kusema umeiona.

Panda ngazi, shuka barabara

Desturi ya wengi ni kupanda kwa chombo na kushuka kwa miguu. Naples wanapanda behewa la kamba la Montesanto, linalovutwa kwenye reli, hadi juu, kisha wanaishuka Pedamentina. Wanasema mandhari iko mbele yako muda wote. Ni kweli, lakini mimi nakushauri kinyume. Ukipanda, kidato kiko karibu na uso wako na unakiona vizuri. Ukijikwaa unaangukia mikono. Ukishuka unaanguka mbali, na ajali nyingi za ngazini hutokea wakati wa kushuka. Magoti nayo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mandhari haikimbii: simama kila kituo, geuka.

Kwa hiyo chora mzunguko wako hivi: anzia bondeni, panda ngazi ya kwanza, tembea juu ya kilima kwenye mtaa wa bapa, shuka kwa barabara ya magari yenye mwinamo mdogo au kwa chombo kama kipo, halafu panda ngazi nyingine. Ngazi tatu ndefu zinatosha kwa anayeanza. Mjini Paris, pale Montmartre, mtaa wa Foyatier ni ngazi ya vidato 222 na pembeni yake kuna behewa la kamba, hivyo mzunguko umekwisha kupangwa. Hong Kong kuna ngazi za umeme za nje kutoka Central hadi Mid-Levels, zilizofunguliwa 1993, na inafaa kujua zinavyogeuka: asubuhi mapema hadi saa nne zinashusha watu kwenda kazini, kuanzia hapo hadi usiku wa manane zinapandisha. Ukifika saa mbili asubuhi ukitegemea kupandishwa, utapanda mwenyewe kwa ngazi za kawaida zilizo kando.

Muda je? Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza takriban dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa vidato vya sentimita 16, mita 100 ni vidato 625. Kanuni hiyo ni ya mtu asiyesimama. Mimi nazidisha mara mbili, kwa sababu ninasimama kila penye kiraka cha saruji.

Nenda asubuhi. Jua likiwa chini, kivuli kinachora kila ukingo wa kidato ukakiona sawasawa. Adhuhuri ngazi ya zege nyeupe inakuwa kama shuka moja, huoni kimeishia wapi kingine kinaanzia wapi. Baada ya mvua, subiri. Upande wa kaskazini au wa kusini wa kilima, kutegemea uko sehemu gani ya dunia, haupati jua la kutosha, na ule utelezi wa kijani juu ya mawe hukaa siku kadhaa.

Viatu: soli nyembamba inayopinda, yenye mpira unaoshika. Buti nene za milimani zinakuficha ukingo. Maji kidogo, tochi ndogo, mikono mitupu. Hilo la mwisho nalitilia mkazo: simu mfukoni, mfuko mgongoni, ili mkono mmoja uwe huru kwa ajili ya reli.

Kuisoma ngazi

Hapa ndipo ninapochelewa, na naomba nawe uchelewe.

Mwaka 1675 Mfaransa François Blondel aliandika kanuni ambayo mafundi wengi tunaitumia bila kujua jina lake: chukua kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa sehemu ya kukanyagia, upate urefu wa hatua moja ya mtu. Siku hizi tunalenga sentimita 60 hadi 65. Ngazi nzuri ya nje huwa na kimo cha chini kuliko ya ndani, tuseme sentimita 15, na upana wa 32 au zaidi. Mara mbili ya 15 ni 30, jumlisha 32, unapata 62. Huhitaji futi ya kupimia. Simamisha simu yako kwenye uso wa kidato. Simu nyingi zina urefu wa sentimita 15 au 16. Kwa upana tumia kiatu chako. Fanya hivyo chini, katikati na juu. Ukikuta kimo kinapungua katikati, huenda kuna sehemu iliyojengwa upya na fundi mwingine, na mara nyingi hata rangi ya zege itakuambia hivyo.

Kidato cha kwanza na cha mwisho ndivyo vinavyoangusha watu. Sababu ni ya kijinga lakini ipo dunia nzima. Fundi anapima kimo chote, anagawanya sawasawa, anafunga mbao, anamwaga. Baadaye wanakuja wa barabara wanaongeza tabaka la lami huku chini, kidato cha kwanza kinapungua sentimita tano. Au huku juu wanabandika vigae, na cha mwisho kinapanda. Mguu umeshazoea kipimo kimoja kwa vidato mia. Tofauti ya sentimita moja tu inatosha kumkwaza mtu. Kwa hiyo unapokaribia mwisho, acha mazungumzo, angalia chini.

Kisha angalia maji yanaenda wapi. Kidato cha nje kinatakiwa kiiname mbele kidogo sana, maji yasituame. Kama yanatuama nyuma, kwenye kona, utaona mstari mweusi, na penye baridi kali ndipo zege linapopasuka. Angalia shina la nguzo za reli: doa la kutu linaloshuka kwenye zege ni nondo inayooza ndani. Reli ya namna hiyo iguse, usiiegemee. Gonga ukingo kwa kisigino. Ukisikia mlio wa mvungu, kile ni kiraka kilichoachana na mwili wake, kanyaga nyuma zaidi. Jiwe la asili nalo lina tabia yake: huliwa katikati, linabaki na bonde lililong’arishwa na viatu vya vizazi. Tembea pembeni, ambako ukwaru bado upo.

Utakutana pia na vidato vipana mno, vya chini mno, ambavyo hatua moja haivitoshi na mbili zinazidi. Vingi vilikusudiwa wanyama wa mizigo. Genova, Italia, vijia vya kupanda kilima vina ukanda wa matofali katikati na mawe pande zote mbili. Kwenye njia za aina hii mguu uleule ndio unaopanda kila mara, na baada ya muda paja moja linawaka na jingine halijui kitu. Dawa ni kupiga hatua fupi ya ziada kila baada ya vidato vichache ili mguu ubadilike.

Kuhesabu

Watu wawili wakihesabu ngazi moja watapata idadi mbili na kugombana. Hesabu mapando: kila mguu unapoinuka kwenda kimo kipya, moja. Kituo ni bapa, hakihesabiwi chenyewe, ila pando la kukifikia linahesabiwa. Pando la mwisho la kufika barabarani nalo limo. Idadi zilizoandikwa vitabuni zichukue kwa tahadhari, kwa sababu ngazi hubadilika: zile za Odesa zilikuwa 200, nane zikafunikwa bandari ilipopanuliwa, zikabaki 192. Idadi yako ukiwa na hakika nayo, iongeze kwenye ramani pamoja na upande ulio na reli na mwelekeo wa kupanda. Mtu mwenye mkongojo anazihitaji taarifa hizo kuliko wewe na mimi.

Wenyeji

Hakuna barabara inayopita karibu na madirisha ya watu kama ngazi. Unapita usawa wa jikoni la mmoja na chumba cha kulala cha mwingine, na kwa kuwa kuta ziko pande zote, sauti yako inapanda nazo. Ongea chini. Salimia unayekutana naye, hata kwa kichwa. Usipige picha kuelekea dirishani. Usikae kwenye kidato cha mlangoni kwa mtu ili upumzike. Kaa kwenye kituo, upande mmoja, nafasi ibaki. Kuna pahali hata kukaa kwenyewe kumekatazwa: Roma, kwenye zile Ngazi za Kihispania zilizokamilika 1725, tangu 2019 anayekaa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 400.

Mwenye mzigo, mzee na mwenye mtoto mgongoni wana haki ya upande wa reli, awe anapanda au anashuka. Wewe hamia ukutani usimame mpaka apite. Ukiona mtu anapandisha gunia au mtungi wa gesi peke yake, uliza kama unaweza kushika upande mmoja. Wengine watakataa, na akikataa usisisitize, ana mwendo wake aliouzoea.

Ngazi zilizopata umaarufu wa ghafla zina shida zake. Kuna moja pale Bronx, New York, ambayo baada ya kuonekana kwenye filamu mwaka 2019 ilijaa watu wa kupiga picha kiasi kwamba wakazi walipata taabu kupita kwenda kazini. Ukitaka kuiona ngazi ya aina hiyo, nenda alfajiri, pita, usiweke kituo cha picha katikati.

Kwa upande mwingine, ngazi nzuri kuliko zote huwa ni zile ambazo wakazi wenyewe wamezishughulikia. San Francisco kuna ngazi ya mtaa wa Filbert iliyo na bustani kando yake: palikuwa jalala, mkazi aitwaye Grace Marchant akaanza kusafisha na kupanda maua. Mjini humohumo, kwenye mtaa wa 16th Avenue, majirani walishirikiana na wasanii wawili kuviwekea vidato 163 picha ya vigae kutoka bahari chini hadi jua juu, kazi iliyokamilika 2005. Rio de Janeiro, Jorge Selarón alianza 1990 kuzibandika vigae ngazi zilizo mbele ya nyumba yake, akaendelea hadi alipofariki 2013, vidato 215, vigae vikitoka nchi zaidi ya 60. Kama fundi nakuambia jambo moja tu juu ya hizo za vigae: tazama ni wapi vigae vimewekwa. Vikiwa kwenye uso wa wima, panda bila wasiwasi. Vikiwa sehemu ya kukanyagia na kuna unyevu, shika reli.

Ukilazimika kushuka

Shuka kwa mshazari kidogo, kiatu kikiwa kimegeuka, ili kikanyage kwa urefu wake wote hata kidato kikiwa chembamba. Mkono usishike reli kwa nguvu, uteleze juu yake ukiwa tayari. Goti liwe limelegea kidogo kila mguu unapotua. Kituoni simama hata kama hujachoka, kwa sababu mapaja hayakuambii kwamba yamechoka mpaka yanapoanza kutetemeka, na ukiona tetemeko umeshachelewa. Kaa dakika kumi.

Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inakaza huku ikivutwa, na kazi ya namna hiyo huleta maumivu yasiyokuja siku hiyohiyo bali kesho yake na keshokutwa. Hayo ni ya kawaida, huisha yenyewe, na tembea polepole badala ya kulala. Ukirudia baada ya wiki moja au mbili, ngazi ileile itauma kidogo kuliko mara ya kwanza au isiume kabisa. Maumivu ya ndani ya goti lenyewe, yenye uvimbe, hayo si ya mazoezi. Yaonyeshe kwa daktari kabla hujapanga mzunguko mwingine.